Kunguru na Ufagio

Wahenga walinena kwamba kunguru hafugiki. Nimeisikia methali hii tangu utotoni Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Mbinga kabla ya Wilaya ya Nyasa kuundwa mwaka 2012. Kunguru tuliyemjua huko ni mmoja tu: ndege mkubwa, mweusi, mwenye kifua na ukosi mweupe kama aliyevaa fulana iliyofuliwa jana. Usipa walipoanikwa juu ya vichanja, sisi watoto tuliwekwa kando na fimbo ndefu kumwinga. Aliiba, tukamfukuza, akarudi. Lakini hakuna aliyemchukia. Alikuwa mwizi wa nyumbani, na mwizi wa nyumbani ana heshima yake.

Nilipofika Unguja kwa mara ya kwanza nilimkuta kunguru mwingine. Huyu ni mdogo kidogo, mwembamba, shingo na kifua chake vya rangi ya kijivu, na sauti yake haina kituo. Hakuja mmoja wala wawili. Walikuja kundi, wakatua juu ya mapaa ya Darajani, wakatazama samaki wa watu kwa macho ya mdai aliyekuja kuchukua chake. Nikamwuliza mzee mmoja aliyekuwa karibu, huyu ni kunguru gani? Akanijibu kwa utulivu: "Huyu hakuja, mwanangu. Huyu aliletwa."

Maneno hayo mawili, kuja na kuletwa, ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Kwani tofauti iliyopo baina yake ndiyo historia nzima ya ndege huyu katika pwani yetu.

Tuanze na majina, maana wapenzi wa ushairi wanajua kwamba jina ni shahidi. Wataalamu wa ndege humwita kunguru wa Bara Hindi, kwa sababu asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Katika pwani ya Kenya husikika jina kurabu, ambalo sikio la Mswahili hulitambua mara moja kuwa lina harufu ya Kiarabu. Lakini ukivuka bahari hadi Dar es Salaam utawasikia watu wakimwita kunguru wa Zanzibar. Basi mgeni aliyetiwa Unguja kwa mkono wa serikali amevuka kwenda Bara akiwa amebeba jina la kisiwa, na lawama yake imekifuata kisiwa. Aliyemleta hakutajwa katika jina.

Ni nani basi aliyemleta? Vitabu vinakubaliana kuhusu jambo moja: kwamba aliletwa katika muongo wa mwisho wa karne ya 19, wakati Unguja ilipokuwa chini ya himaya ya Waingereza, na kwamba aliletwa ili ale taka za mji. Idadi inayotajwa mara nyingi ni ndege wapatao 50, kutoka Bombay. Kuhusu mwaka na mtu, vitabu vinapingana. Vingine husema 1891, vingine 1897, na jina linaloambatanishwa na tarehe zote mbili ni la Sir Gerald Portal, balozi mkuu wa Uingereza. Sasa msomaji na apime mwenyewe. Portal aliwasili kushika kazi hiyo mwaka 1891, zama za Sayyid Ali bin Said, na ndiye aliyeusuka utawala mpya uliowaweka Waingereza katika hazina na idara za Sultani. Alifariki dunia mjini London mwezi Januari 1894. Maiti haiagizi kunguru. Kama Portal ndiye aliyewaagiza, basi si 1897. Na kama ni 1897, zama za Sayyid Hamoud bin Mohammed, basi tumtafute mtu mwingine.

Jambo hili si la kubishania wanahistoria peke yao. Linatuonyesha jinsi tendo dogo la ofisi linavyopotea katika kumbukumbu, ilhali matokeo yake yanabaki na kuzaana juu ya miembe. Aliyetia saini hakumbukwi sawasawa; alicholeta kinatuamsha kila alfajiri.

Katika miaka ile ile, njia baina ya Unguja na ziwa letu ilikuwa wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, ilikuwa na kanisa lake kuu Mkunazini, na tangu 1885 kituo chake kikuu cha ziwani kilikuwa Likoma. Vijana wa nchi za Nyasa walipelekwa Kiungani, Unguja, kusoma. Yohana Abdallah, aliyeandika historia ya Wayao, alisoma Kiungani. Leonard Kamungu, padri wa Nyasa, naye alisoma huko. Walirudi na Kiswahili, vitabu na nyimbo. Ndege wa kijivu hakurudi nao, kwa kuwa njia yao ilikuwa ndefu, na ndege huyu hapendi njia ndefu isiyo na majaa. Neno hili, jaa, msomaji aliweke akiba; tutalihitaji.

Mjini Unguja, kazi aliyopewa kunguru aliifanya kwa siku chache, kisha akajiongezea nyingine. Alikula taka, akala na mayai. Alichukua makinda ya mnana kutoka katika vitundu vyao vilivyosukwa kwa ustadi, akachukua ya chozi, akachukua vifaranga vya kuku mbele ya mama yao. Kunguru wetu mwenye kifua cheupe, aliyekuwapo kisiwani kabla yake, alisukumwa nje ya mji. Kufikia mwaka 1917, yaani ndani ya kizazi kimoja tu, mtumishi huyo wa afya alikuwa amekwisha kugeuka kero, na serikali ikawa inatoa malipo kwa atakayeleta mayai na makinda yake. Mkono uliomleta kwa fedha ukawa unamtoa kwa fedha. Haukufaulu.

Kutoka Unguja, na kwa meli nyingine zilizotoka Bara Hindi moja kwa moja, ndege huyu alienea. Mombasa alionekana mwaka 1947. Dar es Salaam, Tanga, Malindi, Lamu: kila bandari yenye soko la samaki na jaa lisilofukiwa ilimpokea. Hana haja ya kuruka bahari kubwa. Hupanda meli kama abiria, hula mabaki ya jikoni, hushuka palipo na harufu.

Vita dhidi yake vimepiganwa kwa silaha tatu. Ya kwanza ni kutoa mayai na makinda viotani. Ya pili ni mtego: banda kubwa la waya lenye mdomo wa juu unaomruhusu ndege kushuka lakini haumpi nafasi ya kukunjua mabawa apande tena. Ndani huwekwa nyama, maji, na kunguru mmoja au wawili walio hai, kwani kunguru humwamini kunguru mwenziwe. Ya tatu ni sumu iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya ndege aina ya kwezi. Sumu hii huua polepole. Kunguru hula chambo leo, akafa baadaye mbali na hapo, na wenzake hawatambui kilichomuua. Hilo ni muhimu, maana kunguru ana akili. Akimwona mwenzake akifa mezani, meza hiyo haigusi tena. Aidha, sumu hiyo huvunjika mwilini mwa ndege, hivyo paka au kipanga atakayemla maiti hapati madhara makubwa.

Kati ya 1990 na 1995, kwa msaada wa Finland, Unguja iliendesha kampeni kubwa, na kunguru wa mjini wakapungua sana. Kisha msaada ukaisha. Waliobaki wakazaana, na kelele ikarudi. Malindi na Watamu, nchini Kenya, hadithi ilikuwa hiyo hiyo: sumu iliwapunguza mno, lakini mwaka 2005 uingizaji wake ukapigwa marufuku, nao wakarejea. Mwezi Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya likatangaza nia ya kuwaondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Tokea malipo ya mayai ya 1917 hadi hesabu ya milioni ya 2024 ni zaidi ya miaka 100.

Je, kuna mahali popote vita hivi vilipata ushindi? Papo, na si mbali na njia za majahazi ya mababu zetu. Kisiwani Sokotra kunguru wawili walionekana mwaka 1996. Wakazaana, lakini watu hawakungoja. Watoto wa kisiwani walilipwa kutoa makinda viotani, mwaka baada ya mwaka, hata ndege hao wasiweze kuongezeka. Na mwaka 2009 wa mwisho, 13 tu, wakauawa. Angalia basi: silaha waliyoitumia Sokotra ndiyo ile ile iliyoshindwa Unguja mwaka 1917. Uzuri wake haukuwa katika silaha bali katika wakati. Samaki mkunje angali mbichi. Na kunguru mhesabu angali wawili.

Hapa yafaa tumtazame ndege mwingine mdogo, shomoro wa majumbani, ambaye naye aliingia Unguja karibu na mwanzo wa karne ya 20. Ndugu zake walipelekwa Marekani, mjini Brooklyn, mwanzoni mwa miaka ya 1850, nao leo wamejaa bara zima. Huko yuko mbayuwayu wa rangi ya zambarau, mkubwa kuliko mbayuwayu wetu. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wakimtundikia vibuyu karibu na nyumba zao ili atage humo, na leo, katika upande wote wa mashariki wa bara hilo, anategemea karibu kabisa vibuyu na visanduku vinavyotundikwa na watu uani. Shomoro huingia visandukuni, hutoboa mayai ya mbayuwayu, hujenga tundu lake juu yake. Mlango ukibanwa umbo humzuia kwezi mwenye kifua kipana, lakini shomoro mwembamba hupita. Kubomoa tundu lake peke yake hakumfukuzi dume. Hujenga tena kesho. Basi mwenye kibuyu hana budi kuchungulia kila siku chache, kutoa majani, kutega, na kuanza upya majira yanapoanza. Hakuna serikali inayomfanyia. Mbayuwayu anaishi kwa sababu kuna mtu, uani kwake, asiyechoka.

Nimemleta mbayuwayu huyu mbele ya msomaji kwa sababu yeye hutuonyesha kile ambacho kampeni zetu hukikosa. Kampeni huja na fedha na huondoka nazo. Ufagio hubaki. Kunguru wa Unguja aliletwa afanye kazi ya ufagio, kwa kuwa watawala waliona ni rahisi kuagiza ndege kuliko kuagiza mikokoteni ya taka na watu wa kulipwa. Hadi leo, pahali popote anapouawa bila jaa kufukiwa, tunamfukuza mtumishi huku kazi yake tukiwa tumemwekea mezani. Naye hurudi kuifanya.

Wala tusimchukie. Yeye hana kosa la kuwa kunguru. Hata hivyo kutomchukia si kumwacha; kati ya kinda la kunguru na kinda la chozi, mtu aliyeleta mmoja anawajibika kwa mwingine. Kuua ni jambo zito, na uzito wake ungekuwa mdogo sana kama tungeua wawili badala ya kungoja milioni.

Sasa narudi Lipingo. Njia ya ziwani iliyokuwa ndefu imefupishwa. Lami imefika Mbamba Bay kutoka Mbinga na Songea, na nyuma yake iko Mtwara na bahari. Ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay ulianza mwaka 2024. Tunafurahi, na tuna haki ya kufurahi: usipa wetu watafika mbali, na mgonjwa atafika hospitali. Lakini barabara haichagui abiria. Palipo na lori, soko, vichanja vya samaki na jaa la wazi, pamekwisha kuandikwa barua ya kumwalika ndege wa kijivu.

Kwa hiyo ninawaomba ndugu zangu wa ufukweni mambo mawili. Kwanza, jaa lifukiwe kabla bandari haijakamilika, si baada yake. Pili, tuwafundishe watoto wanaokaa kando ya vichanja kutazama vifua. Kifua cheupe ni mwizi wetu wa siku zote: mwinge, umwache aende. Lakini siku mtoto atakapoona kifua cha kijivu, asitupe jiwe tu na kucheka. Akimbie kumwambia mkubwa, na mkubwa asimwambie kwamba ni ndege tu.

Kwani Unguja pia, siku ile walipofunguliwa matundu, walikuwa ndege tu.