Lisp Juu, C Katikati: Urithi wa Kyoto

Leo tuongee historia kidogo. Wengi wetu tukisikia neno kompaila tunafikiria kitu kinachomeza programu upande huu na kutema lugha ya mashine upande ule. Lakini zipo kompaila ambazo husimama njiani: zinageuza Lisp kuwa C, halafu zinaiachia kompaila ya C imalize kazi. Hiyo C ya katikati ndiyo habari yetu.

Lisp ni ya zamani. John McCarthy aliibuni MIT mwaka 1958. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukitaka Lisp ya nguvu ulitafuta kompyuta iliyoundwa kwa ajili yake, kama zile za kampuni ya Symbolics. Bei yake haikuwa ya mchezo. Mwaka 1984 Guy Steele alitoa kitabu kilichoeleza Common Lisp, ili lahaja za Lisp zipate msingi mmoja. Huko Japani, kwenye Chuo Kikuu cha Kyoto, Taiichi Yuasa na Masami Hagiya wakakifuata kitabu hicho na kuandika Kyoto Common Lisp, yaani KCL.

Uamuzi wao ulikuwa rahisi lakini wa busara. Kiini cha KCL kiliandikwa kwa C. Kompaila yake iliandikwa kwa Lisp, na ilichotoa kilikuwa C. Kwa nini? Kwa sababu karibu kila mashine ya Unix ilikuwa na kompaila ya C tayari. Hakuna haja ya kujifunza asembli ya kila prosesa mpya.

Ila kulikuwa na faida nyingine: sasa unaweza kusoma kilichofanyiwa programu yako. Waswahili husema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Chukua mfano huu:

(defun jumlisha (a b) (+ a b))

Ukiifungua C yake kwenye GCL, mjukuu wa KCL, utakuta inaita number_plus. Hiyo ni funksheni ya kiini inayouliza kwanza: hizi ni namba za aina gani? Nzima? Za desimali? Kubwa kupita kiasi? Sasa itangazie kompaila kwamba a, b na jibu lao ni fixnum, yaani namba nzima ndogo. Ukitazama tena, wito umepotea na kubaki alama ya + ya C. Kama tangazo lako halikusaidia kitu, utaliona kwa macho yako, hata kama hujui asembli.

Lakini C si mtumishi mtiifu kila mara. Scheme, ndugu wa Lisp, hudai kwamba funksheni ikimalizia kwa kuita nyingine, staki isiongezeke. C haitoi ahadi hiyo. Miaka ya 1990 Henry Baker akapendekeza dawa ya ajabu: funksheni za C ziitane tu bila kurudi, na staki ikijaa, data iliyo hai ihamishiwe kwenye hipu, kisha staki ianze upya. Chicken Scheme, iliyotoka mwaka 2000, imejengwa juu ya wazo hilo. Ukisoma C yake bila kujua historia hii, utadhani mwandishi alichanganyikiwa.

Je, nani alidumu? Symbolics iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 1993, na mashine zake leo ni za makumbusho. KCL haikufa. William Schelter wa Texas aliiboresha ikawa AKCL, halafu GCL, na juu yake akaendesha Maxima, programu ya aljebra. Giuseppe Attardi wa Italia aliichukua akazaa ECL. Prosesa zilikuja zikapita, lakini kila mpya ilikuja na kompaila ya C.

Ukitaka kuonja, pakua ECL, andika funksheni yako, kisha uite disassemble juu yake. Itakuonyesha C. Tahadhari moja tu: isome, usiihariri. Ukikompaili tena, yote uliyoandika humo yatafutika. Marekebisho yafanye kwenye Lisp. C ni kioo chako.