Vinyunya vya Avena: Kutafuta Majina ya Biskuti za Nyumbani

Kuna kitafunio kinachookwa nyumbani kwa nafaka ya Ulaya, zabibu, mdalasini na tangawizi. Kina majina mengi, na hakuna hata moja linalokitosha. Mama wa Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo, atawaambia watoto wake kwamba anawapikia tubiskwi. Mwenzake wa Dar es Salaam atasema biskuti. Vijana wa pande zote mbili watasema kuki. Tuyapime maneno haya mojamoja, pamoja na ya viambato vyake, maana jiko ni mahali ambapo lugha hutumika kila siku bila kusubiri kamusi.

Biskuti ya pwani na biskwi ya Katanga ni ndugu: ya kwanza ilipitia kwa Waingereza, ya pili kwa Wabelgiji waliosema Kifaransa. Asili yao ni Kilatini, na maana yake ni “iliyopikwa mara mbili”. Mkate wa mabaharia ulirudishwa motoni ili ukauke kabisa na usioze safarini. Kitafunio chetu hupikwa mara moja tu, tena hutolewa motoni kikiwa bado laini katikati. Kwa hiyo jina linasema jambo moja na mdomo unaonja jingine. Biskuti libaki kwa zile kavu za pakiti, ambazo limezitumikia vizuri.

Kuki limetoka Marekani, lakini Wamarekani nao walilipata kwa Waholanzi, ambao kwao ni “keki ndogo”. Lugha hiyohiyo ndiyo ya Wafalamani wa Ubelgiji, kwa hiyo neno hili lilizaliwa jirani na waliotawala Katanga, likazunguka dunia kabla ya kutufikia. Nalikataa kwa sababu moja. Tunayo keki tayari, na kuongeza kuki pembeni yake ni kukopa mara mbili kwa ajili ya udogo, ambao Kiswahili kinajua kuutaja chenyewe.

Hapa ndipo Lubumbashi inapostahili kusikilizwa. Pwani, udogo huonyeshwa kwa ki- na vi-, viambishi ambavyo hubeba pia mamia ya majina yasiyohusu udogo. Kiswahili cha Lubumbashi kimehifadhi ka- na tu-, kama lugha nyingi za Kibantu zinazokizunguka: katoto, tutoto, kamukate, tumikate. Anayesema tubiskwi ametamka udogo, wingi na upendo kwa silabi moja. Wala si usemi usio na sarufi: mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walichapisha kitabu cha sarufi, matini na leksiko ya Kiswahili hiki. Tu- ni urithi wa Kibantu, na anayeliita kosa hajaitazama familia nzima ya lugha hizi.

Hata hivyo tubiskwi bado ni biskwi. Pwani kuna kileja, kimkate kidogo cha unga wa mchele, samli na iliki. Ni jina zuri, ila lina mwenyewe, na ukilitwaa utamnyang'anya. Kamusi za zamani za pwani zinalo neno jingine lililokaa bila kazi kubwa: kinyunya, wingi vinyunya, yaani kimkate kidogo. Katika sikio langu linakaa jirani na nyunyiza, na zabibu zilizotawanyika ndani ya kimkate huonekana kama zimenyunyizwa. Napendekeza kinyunya kiwe jina la kitafunio hiki laini cha nyumbani. Na anayependa ka- yake ya Katanga aseme kanyunya, tunyunya, atakuwa hajakosea.

Sasa nafaka yenyewe. Wengi huiita shayiri, na hapo pana mgongano. Shayiri ni nafaka ya kimea cha bia, na ndiyo ya mikate mitano ya yule mtoto katika Injili ya Yohana. Nafaka ya vinyunya ni mmea mwingine kabisa. Waarabu, waliotupa neno shayiri, hawaichanganyi: hiyo ni shair, hii ni shufan. Sisi tulichukua neno moja tukalibebesha mizigo miwili.

Lubumbashi, kwa kufuata Kifaransa, husikika avwani. Nairobi na Dar es Salaam husikika oti. La kwanza lina mafungamano ya konsonanti yanayokwaza ulimi wa pwani. La pili ni fupi mno, na hupotea karibu na ote na wote. Shufani lingependeza sana kando ya shayiri, lakini Bara halina masikio yanayolijua. Nalichagua avena, jina la Kilatini ambalo wanabotania huliita zao hili kila mahali, na ambalo ndilo mzazi wa neno la Kifaransa. Lina silabi tatu zilizo wazi. Mkatanga ataisikia avwani yake ndani yake, na Mtanzania hatalichanganya na kitu kingine.

Avena haifiki jikoni ikiwa punje nzima. Hupikwa kwa mvuke, ikabanwa kati ya magurudumu hadi ikawa bapa. Wafaransa huziita chembe hizo kwa neno lilelile wanalotumia kwa theluji inayodondoka, picha isiyo na maana katika mji ambao theluji haianguki. Kiswahili kina picha yake. Pepeta ni mpunga mchanga uliokaangwa, kisha ukatwangwa mpaka punje zikalala bapa. Tendo ni lilelile: joto kwanza, kubanwa baadaye. Basi tuseme pepeta ya avena, na msomaji wa Zanzibar ataiona kabla hujamaliza kuieleza.

Zabibu ni neno lililobadilika njiani. Kwa Kiarabu zabib ni tunda lililokwisha kukauka; tunda bichi lina jina jingine. Kiswahili kimelitanua neno likashika yote mawili, hata tukalazimika kusema zabibu kavu. Kifaransa cha Lubumbashi kina hali hiyohiyo, kwa kuwa rezen peke yake ni tunda bichi na lazima uongeze neno la ukavu. Sitapendekeza mabadiliko hapa. Dodoma wanalima zabibu, Biblia inao mzabibu, na neno limeota mizizi. Lakini ndani ya maelezo ya kuoka zabibu tupu inatosha, kwa kuwa hakuna anayetia mbichi kwenye kinyunya.

Kwa matunda mengine swali ni kubwa zaidi. Matunda makavu? Ukavu kwa Kiswahili mara nyingi ni upungufu: maneno makavu, mtu mkavu wa macho. Tena tunda linaweza kukauka lenyewe mtini likanyauka, bila kuwa chakula. Matunda yaliyokaushwa husema ukweli, kwani sh ya usababishi na w ya utendwa zinaonyesha kwamba mkono wa mtu ulifanya kazi. Lakini ni neno la ripoti. Mpishi husema nyama ya kuchoma, viazi vya kukaanga, mkate wa kumimina. Sarufi ya jikoni ni -a ku-, na Lubumbashi huifuata bila kufikiri inaposema samaki ya kukauka. Basi iwe matunda ya kukausha: embe la kukausha, nanasi la kukausha, papai la kukausha.

Tukija kwenye viungo, tunakuta neno ambalo lugha nyingi zingelionea wivu. Kiungo ni kinachounga. Ni kifundo cha mwili, ni mchezaji wa katikati uwanjani, ni kitu kinachokifanya chakula kiwe kimoja. Mchuzi huungwa. Vivyo hivyo unga wa vinyunya: bila mdalasini na tangawizi, nafaka ni nafaka na tunda ni tunda. Kiswahili cha Lubumbashi kina faida ndogo hapa. Kwa kuwa unga kwao ni bunga, kuunga bunga husikika wazi kuliko kuunga unga. Anayesema episi kwa kuiga Kifaransa ametupa maana hiyo yote.

Mdalasini hubishana na kanele. Kanele ya Kifaransa ni “kimwanzi kidogo”, kwa jinsi gome linavyojikunja likikauka. Mdalasini umetoka kwa Waajemi kupitia Kiarabu, na asili yake ni “mti wa China”. Waswahili waliposikia mti, wakautia m- ya miti: mdalasini, midalasini, kama mwembe na mkarafuu. La kwanza lilitazama umbo, la pili likatazama safari. Kwa kuwa m- yetu imekwisha kulipokea katika ukoo wa miti, mdalasini ushike, hata Lubumbashi.

Tangawizi haina mgogoro. Kongo nzima inainywa kwa jina la tangawisi, hata katika Kilingala. Ni ushahidi kwamba neno la jikoni likiwa na ladha yake, husafiri bila kusukumwa na mtu. Kungumanga nayo ibaki kama ilivyo. Manga ni jina la kale la Uarabuni, na limo pia katika pilipili manga na komamanga. Anayetamka kungumanga anataja bandari ambazo wazee wa pwani walifanya nazo biashara.

Kinachoinua unga kina majina yaliyochanganyika. Lubumbashi watasema levire kwa vyote, wengine watasema hamira kwa vyote. Hamira, neno la Kiarabu, ina uhai ndani yake na huchachua, inafaa mkate. Vinyunya huinuliwa na magadi, neno lilelile lililo katika jina la Ziwa Magadi nchini Kenya, au na unga mweupe uliochanganywa na magadi. Kitenzi tunacho, tena kizuri: unga huumuka, na mpishi huuumua. Kama zibua ilivyozaa kizibuo, umua na izae kiumuo. Hamira ni kiumuo hai, magadi ni kiumuo kisicho na uhai, na mpishi hatakosea kopo.

Vitenzi vya mkono vinahitaji uangalifu. Unga wa chapati hukandwa na kusukumwa. Unga wa vinyunya haukandwi: huchanganywa tu mpaka unga mkavu usionekane, kwa sababu ukiukanda utakakamaa. Kisha unachotwa. Wengi huandika “mipira midogo”, nami nashangaa, katika mji unaokula bukari, yaani ugali, kila siku. Tonge ni nini basi? Pima tonge, liweke kwenye sinia, libonyeze kidogo. Kila mkono wa Lubumbashi unajua ukubwa wake.

Halafu moto. Tanuri ni neno la zamani sana. Tulilipata kwa Waarabu, na kabla yao lilitumika Mesopotamia. Joko ni la mfinyanzi, nalo liachiwe vyungu vyake. Lubumbashi husikika furu, kutoka Kifaransa, na katika mji huu furu ni moja kwa mkate, kwa matofali na kwa shaba iliyoanza kuyeyushwa kiwandani mwaka 1911. Maneno ya aina hii yalibebwa na watu: wapishi na watumishi waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Mwaka 1965 André Yav, mtumishi wa zamani wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha mji huu historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, akaiita kwa Kifaransa msamiati wa mji. Jina hilo lina haki yake, kwa kuwa historia ya watumishi hao imo ndani ya maneno yao. Hata hivyo kwa wasomaji wa pwani na wa maziwa, furu ni samaki mdogo wa Ziwa Viktoria. Katika maandishi ya wote nashauri tanuri. Katika mazungumzo ya mtaa wa Katuba mjini humu, furu lina heshima yake.

Wasio na tanuri huoka juu ya jiko la mbabula kwa makala. Msomaji wa Dar es Salaam asidhani tunachoma magazeti: makala ya Kongo ni makaa, na l yake ni ya kale, ile ambayo pwani iliiangusha. Sufuria hukaa juu ya moto, na makala mengine huwekwa juu ya kifuniko. Pwani wana kitenzi cha tendo hilo hasa: kupalia. Ni kitenzi ambacho vitabu vya mapishi vimekisahau, vikaandika sentensi nzima mahali pake. Andika “palia makaa juu”, na umemaliza.

Mwisho, rangi. Vitabu vilivyofuata Kifaransa husema oka mpaka ipate rangi ya dhahabu. Lakini mdalasini na sukari nyeusi havitoi dhahabu. Vinatoa wekundu wa udongo wenye mng'aro, na Katanga ina jina lake. Kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo lote la Katanga liliitwa Shaba. Mpaka vipate rangi ya shaba nyekundu: ndivyo ninavyoandika, na ni kweli zaidi kwa jicho.

Basi haya ndiyo ninayoyaweka mezani: kinyunya, avena, pepeta, matunda ya kukausha, kiumuo, tonge, kupalia, rangi ya shaba. Moja tu kati yake ni geni, na moja limeundwa kwa mizizi yetu. Mengine yote yalikuwepo, ila yalikuwa yametawanyika kati ya Lamu, Zanzibar na Lubumbashi bila kukutanishwa. Mwandishi wa mapishi, yatumie. Mwalimu, yafafanue mara moja kisha yaache yafanye kazi. Nawe msomaji wa Ruashi, wa Kigoma au wa Mombasa, kama nyumbani kwenu kuna neno bora kuliko langu, liandike na ulitumie mbele ya watoto, ili lishindane na haya hadharani.