Pumzi Ileile, Majibu Mawili

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, ingawa mtaona hatufiki mbali nayo.

Nina pumu tangu utotoni, na majuzi nilikwenda kupimwa mapafu. Unabanwa pua, unavuta hewa hadi kifua kijae, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote kwenye bomba lililounganishwa na tarakilishi. Mhudumu aliingiza umri, jinsia na urefu wangu. Halafu, bila kuniuliza, akachagua pia rangi yangu. Nikajiuliza: programu inafanya nini na habari hiyo? Nikaanza kuchimba.

Spirometa ya kwanza ilitangazwa mwaka 1846 na John Hutchinson, daktari Mwingereza. Ilikuwa chombo kilichopinduliwa ndani ya maji: ukipuliza kinainuka, na unasoma kiasi cha hewa kwa macho yako. Alipima watu zaidi ya 2,000 akaona kwamba aliye mrefu hutoa hewa nyingi zaidi. Mwaka 1947 Mfaransa Robert Tiffeneau akatilia mkazo hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza. Hapo ndipo pumu hujulikana, maana njia za hewa zimebana.

Lakini chombo hicho kilitumiwa vibaya mapema. Mwaka 1851 Samuel Cartwright, daktari wa Marekani aliyetetea utumwa, alidai kuwa mapafu ya watu weusi yana upungufu wa asilimia 20. Waliomfuata waliendelea kutaja rangi, huku umaskini, lishe na moshi vikisahauliwa. Kompyuta zilipoingia kazini, wazo hilo likageuka kuwa mstari wa programu: mgonjwa akiwa mweusi, punguza kiwango kinachotarajiwa kwa asilimia 10 hadi 15.

Tupige hesabu. Umepuliza lita 3.2, na kiwango kinachotarajiwa ni lita 4. Umepata asilimia 80. Kiwango kikipunguzwa kwa asilimia 15 kinakuwa lita 3.4, nawe umepata asilimia 94. Pumzi ni ileile! Fundi aliyevuta vumbi miaka 20 anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa ni mzima.

Mwaka 2022 wataalamu walitoa hesabu mpya zisizouliza rangi, na mwaka 2023 American Thoracic Society ikapendekeza zitumike. Hata hivyo, mashine ya zamani haitajua hayo mpaka mtu abadilishe mipangilio yake.

Basi ukienda kupimwa, uliza haya:

1. Je, kipande cha mdomoni na kichujio ni vipya? Kifua kikuu hakina utani.
2. Je, mashine imehakikiwa leo kwa pampu ya lita 3? Isome kati ya lita 2.91 na 3.09.
3. Je, umri na urefu vimeandikwa sawasawa?
4. Je, inatumia hesabu za mwaka gani?

Na kama umepata mshtuko wa moyo au kufanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni, sema kabla ya kupuliza. Uketi pia, kwani kizunguzungu hutokea.

Chombo cha Hutchinson kilionyesha kila kitu wazi. Chetu kinaficha hesabu nyuma ya kioo, na sisi tunaoandika programu ndio tunaoweza kuifichua.

Haya, tuonane tena.