Baraza

Baraza ni kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa nje wa nyumba, upande wa njia. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa mabaraza. Gharama ni ya mwenye nyumba, lakini faida ni ya mtaa mzima: wacheza bao, wauza kahawa, mzee anayetua kikapu apumzike. Vichochoro vyembamba na kuta ndefu hulipatia baraza kivuli. Maji ya mvua yakijaa njiani, wapita njia hupanda juu yake. Kutokana na mazungumzo ya hapo, neno limepanda cheo hadi Baraza la Mawaziri, ambalo hukutana ndani, milango ikiwa imefungwa. Lamu, ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe kama baraza huitwa daka.