Nyumba, Kiwanja na Miti: Mali Tatu za Bibi Zetu wa Pemba



Msimu wa harusi ukikaribia, masuali mengi yanayotufikia huwa ya nguo, piko na chakula cha walima. Mara hii limekuja jengine. Biharusi mmoja aliyeolewa mwaka jana ametueleza kuwa mumewe amejenga kwao, juu ya kiwanja cha baba yake. Yeye ametoa sehemu ya mahari yake na fedha za kibati kununulia saruji na mabati. Sasa wanataka kuongeza chumba na choo cha ndani, na mume amemuomba auze bangili zake mbili. Anauliza: nyumba hii ni ya nani?

Tulilipeleka suali kwa dalali mmoja mtu mzima wa Chake Chake tunayemwamini, maana amesimamia mauzo ya nyumba na viwanja kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Hakujibu. Aliuliza na yeye: ardhi ya nani, ukuta wa nani, na mikarafuu iliyo nyuma ya nyumba ya nani? Tulicheka, tukidhani anatuzungusha. Baadaye tukaona kuwa masuali yake matatu ndiyo historia nzima ya makaazi ya kisiwa chetu, na kwamba bibi zetu walikuwa wakiyajua majibu yake vizuri kuliko sisi.

Tuanze mbali kidogo. Kule Chwaka, karibu na Tumbe, kuna magofu ya mji wa miaka mia nyingi iliyopita. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kuwa watu wa mji ule walijenga misikiti kwa mawe na chokaa, huku wengi wao wenyewe wakilala katika nyumba za miti na udongo. Nyumba ya Mungu ilikuwa ya kudumu, na nyumba ya mja ilikuwa ya kutengenezwa kila baada ya miaka. Ukuta wa udongo ukichoka hukandikwa tena, makuti yakioza huezekwa upya. Kwa hivyo watu hawakuihesabu nyumba kuwa ndiyo mali kubwa. Mali ilikuwa haki ya kukaa pale: kisima, mti uliopandwa na babu, na makaburi ya wazee.

Na Pujini je? Wengi wetu tulipelekwa pale na skuli kuona ngome ya Mkama Ndume, mtawala anayesimuliwa kwa ukali wake, aliyewafanya watu wabebe mawe huku wakijikokota kwa makalio. Pale pana kisima ambacho wazee husema kilitiwa ukuta katikati kwa sababu wake zake wawili walikuwa wakioneana wivu. Mmoja alishuka kwa ngazi, mwengine alivuta maji kwa ndoo kutoka juu, wasionane. Iwe kweli au hadithi, hayo ndiyo matengenezo ya nyumba ya zamani kabisa tunayoyajua Pemba, na yalifanywa kwa ajili ya wanawake. (Hatusemi kuwa ni mfano wa kuigwa.)

Ardhi ya vijijini ilikuwa ya ukoo. John Middleton, mtafiti ambaye kitabu chake juu ya ardhi ya Zanzibar kilitoka 1961, alieleza kwamba katika ardhi za namna hii wazao wote wa mzee aliyeanzisha mji, wanaume kwa wanawake, wana haki ya kujenga na kulima, lakini hakuna mmoja mwenye haki ya kumuuzia mtu wa nje. Hapo kuna kinga kubwa kwa mwanamke. Akiachwa au akifiwa hurudi kwao, na kwao hakuna wa kumwambia huna pahala. Lakini kinga hiyo ina upande wa pili: kwa mumewe yeye ni mgeni. Akijenga huko, amejenga juu ya ardhi ya watu.

Kisha ikaja mikarafuu, ikabadilisha kila kitu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mashamba ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo sisi ndio tukawa kisiwa cha karafuu. Mkarafuu una mwenyewe, na mwenyewe si lazima awe mwenye ardhi. Palikuwa na mapatano ya nusu kwa nusu, ambapo mmoja ana ardhi, mwengine anasafisha na kupanda, na miti ikishika hugawana. Ndiyo maana hadi leo utakuta mtu ana mikarafuu kumi ndani ya shamba la mtu mwengine, anakwenda kuchuma kila msimu na hakuna anayemshangaa.

Kwa mwanamke jambo hili lilikuwa na maana kubwa. Sheria ya mirathi ya Kiislamu imempa fungu lake, na mti ni kitu kinachohesabika. Mzee akifa akaacha mikarafuu 48, mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja, basi mke anachukua thumuni, miti 6. Inabaki 42. Mtoto wa kiume anapata 28, wa kike 14. Ardhi inaweza kuzozaniwa mpaka kiama, lakini miti 14 ni miti 14, unaweza kuigusa mmoja mmoja. Bibi zetu wengi walijenga kwa karafuu zao. Msimu ukiwa mzuri, makuti yalishuka na mabati yakapanda. Mwaka 2011 Serikali ilipopandisha sana bei ya karafuu, tuliyaona hayo tena kwa macho yetu: vijiji vizima vilibadilika rangi ya paa.

Lakini karafuu zilileta na madeni. Mwenye shamba aliyehitaji fedha alikwenda kwa mwenye duka, na kwa kuwa riba ni haramu, wakafunga bei khiyari. Kwa maandishi shamba au nyumba inauzwa, na muuzaji anabaki na khiyari ya kuinunua tena ikifika muda fulani. Yeye anaendelea kukaa humo humo, analipa kodi. Jina ni bei, kazi yake ni mkopo, na kodi ile ndiyo faida ya mkopeshaji. Bei ya karafuu ikianguka, muda ukipita, mali imekwenda. Mambo yalifika pahala ambapo mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitoa amri ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika kupita mikononi mwa wengine bila ya kibali. Tunalitaja hili kwa sababu bado tunasikia mabiharusi wakiweka dhahabu na hata nyumba rehani kwa maneno matamu ya namna ile ile. Karatasi ikisema umeuza, ujue umeuza.

Mjini nako mambo yalikuwa vile vile kwa sura nyengine. Ng'ambo ya Unguja, watu maskini walijenga vibanda vyao, na miongoni mwa wenye vibanda walikuwamo wanawake wengi, baadhi yao waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Kibanda chake, kiwanja cha tajiri. Mwaka 1928 kodi za viwanja zilipowalemea, walikataa kulipa, mji ukatikisika. Mtu aliyejenga kuta zake mwenyewe aligundua kuwa anaweza kutolewa kwa sababu ya ardhi iliyo chini yake.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali. Nyumba na mashamba ya watu kadhaa yalichukuliwa, na familia zikagaiwa eka tatu tatu. Hapa Pemba miti ilikuwa imeenea mikononi mwa watu wengi zaidi kuliko Unguja, kwa hivyo kila familia inayasimulia mageuzi yale kwa namna yake, na hatutaki kuyafungua yote leo. La kukumbuka kwa anayetaka kununua ni kuwa eka tatu zilitolewa za kulima na kuishi. Hazikutolewa ziuzwe wala zikatwe viwanja. Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya mwaka 1992 ikaendeleza msingi huo: ardhi iko chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na mtu anapata haki ya matumizi. Miti imebaki kuwa inaweza kumilikiwa mbali na ardhi.

Basi turudi kwa dalali wetu. Anasema wateja wengi huja wakitazama vigae, rangi na jiko. Yeye huanza kwa sheha. Huuliza kama pahala pale ni eka, ni urithi, ni wakfu au kiwanja kilichopimwa. Kama ni urithi, hutaka kuwaona warithi wote, na khasa dada zao, kwa sababu kesi nyingi alizoziona zilianza kwa kaka aliyeuza bila ya kuwaambia ndugu zake wa kike. Dada aliyeolewa Mkoani au aliyehamia Mombasa hakupoteza fungu lake kwa kuwa mbali. Kama ni wakfu, huuliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, maana wakfu hauuzwi. Kisha Kamisheni ya Ardhi, kujua karatasi ina jina la nani. Miti iliyomo huihesabu mbele ya majirani na kuiandika kwenye mkataba: minazi mingapi, mikarafuu mingapi, na kama imeuzwa pamoja au la. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Hatujui kwa nini tunaona haya kuifanyia kazi aya hiyo ndani ya ndoa.

Katika matengenezo pia alituambia jambo ambalo mafundi wengi vijana hawalisemi. Nyumba za zamani za mawe pale Wete na Chake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliopima chumba. Ukinunua nyumba kama hiyo ukaipiga plasta ya saruji, ukuta hauwezi tena kupumua, unyevu na chumvi vinabaki ndani, na baada ya misimu michache ya masika plasta inabanduka. Chokaa irudi kwa chokaa. Na mchanga wa pwani usitiwe kwenye zege la nguzo, chumvi yake inakula nondo. Uani usiufute kwa ajili ya sebule kubwa. Uani ndipo mwanamke anapokaa bila ya baibui, anapopika shughuli ikizidi, anapoanika karafuu zake.

Kuhusu biharusi wetu: kiwanja ni cha mkwe wake, na mkwe bado yuko hai. Mume hana cha kumpa katika ardhi, hata akitaka. Ukuta ni mchango wa wote wawili, na fedha zake alizotoa ni mali yake isipokuwa awe amezitoa kwa zawadi. Aya ya kwanza ya Suratu Talaq inakataza mwanamke aliyepewa talaka kutolewa nyumbani kabla ya eda yake kwisha, lakini hiyo ni haki ya kukaa, si ya kumiliki. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imefungua mlango wa kadhi kuangalia mchango wa mwanandoa katika mali, na mchango unahitaji ushahidi. Tumemshauri aweke risiti za saruji na mabati, waandikiane na mumewe karatasi ya kiasi alichotoa mbele ya mashahidi kutoka pande zote mbili, na bangili asiziuze mpaka mkwe aseme mbele ya watoto wake wengine kile kiwanja amempa nani. Amesema anaona haya kumwambia mumewe. Tumemwambia amtume shangazi yake.

Tunamjua bibi mmoja wa upande wa Wete ambaye hakuwa na karatasi. Miaka mingi iliyopita aliachwa, na nyumba ilikuwa juu ya ardhi ya wakwe. Aliwaita kaka zake wakapanda juu, wakateremsha mabati 18 aliyoyanunua kwa karafuu zake, wakang'oa na mlango wa mbele, wakavipakia kwenye gari ya ng'ombe. Kuta za udongo aliwaachia. Watu walisema sana. Alirudi kwao, akajenga karibu na mikarafuu ya marehemu baba yake, akaezeka kwa mabati yale yale yenye matundu ya misumari. Matundu aliyaziba kwa lami. Amewaoza mabinti watatu kutoka chini ya paa lile, na mlango ule bado anaufunga kila magharibi.