Mzinga Katika Kihamba: Mali Isiyoandikwa Daftarini

Tunapofundisha historia ya Kilimanjaro, huanza na kahawa. Wamisionari Wakatoliki waliipanda mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima Wachagga waliunda chama chao, na miaka michache baadaye kikazaliwa KNCU. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila yanaruka kitu kilichoning'inia juu ya vichwa vya wakulima hao: mzinga wa nyuki.

Kihamba ni bustani iliyoizunguka nyumba. Chini huota magimbi na maharage, juu yake kahawa na migomba, na juu kabisa miti mikubwa kama mringaringa. Gogo la mti huo lilichongwa mzinga, na matawi ya miti iliyobaki yakautundika. Kurina kulikuwa na adabu yake: mrinaji alitumia moshi, akachukua masega ya asali, akaacha ya majana na akiba ya kuwalisha nyuki. Aliyekomba yote alijua kwamba kundi litahama.

Mti nao haukukatwa kiholela. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika nchini mwaka 1902, aliandika jinsi mringaringa ulivyosemeshwa kabla ya kukatwa, kama ndugu wa kike anayeozwa. Mwenye mti hakuwapo shoka lilipofanya kazi; alikuja baadaye akijifanya kushtuka kwamba ndugu yake ametwaliwa. Wapo watakaoiita imani potofu. Mimi naiona kuwa sheria ya misitu isiyohitaji askari: ililazimu ukoo kujua nani anakata, na kwa nini.

Kisha ukaja uchumi wa mizani. Bei, mikopo na wagani vyote viliifuata kahawa, kwa kuwa ndiyo iliyouzwa nje. Asali iliyokwenda kwenye pombe, dawa na sherehe haikuwa na safu katika daftari. Dawa za kunyunyizia mibuni zilipoenea, nani aliuliza nyuki watakuwaje? Na mwaka 1989, mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulipovunjika na bei kuporomoka, mkulima aliyeshauriwa kutegemea zao moja alibaki na zao hilo moja.

Kejeli ni kwamba kahawa yenyewe ilikuwa na deni kwa nyuki. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba maua yaliyotembelewa na nyuki na wachavushaji wengine yalitoa matunda mazito zaidi kwa takribani asilimia 7. Daftari lilihesabu debe la kahawa, likamsahau kibarua aliyelijaza.

Leo tunayo Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na Sheria Namba 15 ya mwaka 2002. Ni hatua njema. Lakini vihamba vinaendelea kugawanywa kati ya warithi hadi vinakuwa viwanja, na mti mkubwa ndio wa kwanza kuangushwa. Mtumishi wa umma anayepima ardhi hiyo huona nyumba na mazao, mzinga hauoni.

Swali langu kwa wanafunzi na watunga sera ni hili: ni mali ngapi nyingine tumezipoteza, si kwa kuwa hazikuwa na thamani, bali kwa kuwa hazikuwa na safu katika daftari?