Mapipa, Fiat na vumbi: malori yalivyoifungua njia ya Zambia

Ukisimama Chalinze saa yoyote, hata usiku wa manane, utaona semi-tela za Zambia na Kongo zimefuatana kama siafu. Wengi wetu tumezikuta hivyo, tukadhani zilikuwepo tangu enzi za mkoloni. Kumbe biashara hii, kwa ukubwa huu, ina siku yake ya kuzaliwa: 11 Novemba 1965. Na aliyeisababisha hata si Mtanzania. Ni Ian Smith.

Siku hiyo serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa huru kwa mwaka mmoja tu, ilikuwa inaletewa mafuta kwa reli ya Rhodesia, na shaba yake ikitoka kwa njia hiyohiyo. Desemba Uingereza ikaiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, na Rhodesia ikalipiza kwa kuikatia Zambia. Petroli Lusaka ikawa ya mgawo. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zikaanza kubeba mapipa angani, jambo la ajabu sana ukifikiria ndege yenyewe inaunguza kiasi gani. Kilichobaki kwa Kaunda na Nyerere ni barabara ya Dar es Salaam hadi Lusaka, kama kilomita 1,900, sehemu kubwa udongo na changarawe.

Hebu tupige hesabu ya utingo. Pipa moja ni lita 200. Likijaa petroli lina uzito wa kama kilo 170. Lori la tani 7 linabeba mapipa 40 hivi, yaani lita 8,000. Sasa chukulia linakula lita 35 kwa kila kilomita 100. Kwenda na kurudi ni lita 1,300 na ushee. Kwa hiyo kila mapipa sita yaliyofika, moja lililiwa na safari yenyewe, kabla hujahesabu lililovuja au lori lililopinduka.

Na yalipinduka kweli. Waandishi wa Kiingereza waliipa njia ile jina lenye maana ya safari ya jehanamu. Kiangazi vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba dereva hamwoni mwenzake aliye mbele. Masika lori linalala kwenye tope siku nzima. Madereva walikuwa Waafrika, Waasia, Wasomali, hata Wazungu waliofuata malipo. Wengi walikufa, na majina yao hutayakuta kwenye vitabu vinavyomsifu Kaunda na Nyerere.

Barabara ile haikuwa mbovu kwa bahati mbaya. Malori yenyewe ndiyo yaliyoiharibu, na hapa sayansi inaingia. Kati ya 1958 na 1960, Wamarekani walijenga barabara za majaribio huko Illinois na kuyazungusha malori juu yake mchana na usiku, wakipima nyufa na mabonde. Walichogundua ni kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito: unafuata takribani kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 haiharibu mara mbili ya ile ya tani 5, inaharibu mara 16. Ukizidisha tani 2 tu juu ya hizo 10, umeongeza uharibifu maradufu. Ndiyo maana ya mizani zote zile unazopita toka Vigwaza mpaka Mpemba, ambazo madereva wanazilalamikia kila siku. Changarawe iliyolowa inavumilia hata kidogo zaidi, na mwaka 1966 hapakuwa na muda wa kusubiri ikauke.

Mwaka huohuo serikali mbili ziliungana na wabia wa Kiitalia kuanzisha kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services. Waitalia walileta Fiat za dizeli zenye tela. Kwa maoni yangu hapa ndipo uchukuzi ulipogeuka kutoka jasho la dharura kuwa kazi yenye karakana, vipuri na madereva wa kudumu. Dizeli inatoa nguvu zaidi kwa kila lita kuliko petroli, na tela inakuongezea mzigo bila kukuongezea dereva. Kwenda walibeba mafuta na bidhaa, kurudi shaba. Shaba ni nzito karibu mara tisa ya maji: tani 20 hazijazi hata mita za ujazo 2.5. Ukiona lori la shaba unaweza kuapa liko tupu, mpaka uangalie springi.

Halafu wakaja wapinzani. Bomba la TAZAMA lilifunguliwa 1968, kilomita 1,710 hadi Ndola, na mapipa yakaondoka barabarani. Lami ikawekwa kwa fedha za Benki ya Dunia na Marekani. Wachina wakajenga TAZARA, wakaikabidhi 1976. Kwa mantiki lori lilipaswa kufa hapo, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli lina msuguano mdogo mno na treni inakula mafuta kidogo kwa kila tani.

Halikufa. Reli ilikosa injini na vipuri, na Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua madaraja ya Chambeshi, la reli na la barabara. Huku nyumbani kiwanda cha TAMCO pale Kibaha kikawa kinaunganisha Scania. Jina la TAMCO bado lipo, waulize makonda. Uchumi ulipofunguliwa, watu binafsi wakanunua malori yaliyotumika Ulaya, baadaye ya Kichina, na lori likawa na kitu ambacho treni haina: linaondoka likijaa, halisubiri ratiba.

Siku hizi TAZAMA limebadilishwa, linasukuma dizeli badala ya mafuta ghafi. Petroli ya Zambia bado inapanda Kitonga kwa matangi.